Kuainisha Mimea Nje ya Darasa

Kuainisha mimea ni kuipanga katika makundi kwa kufuata sifa inazoshirikiana: umbo la jani, mpangilio wa mishipa yake, namna ya mizizi, muundo wa ua, aina ya tunda na ya mbegu. Kazi hii huanzia machoni na mikononi, kukariri kunafuata baadaye sana. Kwa hiyo mahali pake pa kwanza si ubaoni. Jedwali lenye safu mbili, monokotiledoni upande huu na daikotiledoni upande ule, linaweza kunakiliwa na darasa zima bila mtoto hata mmoja kugusa jani. Mwezi mmoja baadaye watoto hao hao hupita kati ya mnazi na shamba la mahindi bila kutambua kwamba mimea yote miwili imo katika safu ile ya kwanza.

Nyenzo za somo hili zipo tayari. Uwanja wa shule wenye mwembe, ua wa mnyaa, bustani ya mchicha na kipande cha nyasi unatosha kufundishia muhula mzima. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda pamoja, wataalamu walioandika Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, waliorodhesha zaidi ya spishi 12,000 za mimea ya porini. Hakuna mwalimu anayetarajiwa kuzijua zote hizo. Kinachohitajika ni kuwazoeza watoto kuuhoji mmea kwa utaratibu, na kulipokea jibu ambalo mmea wenyewe unalitoa.

Makundi ambayo mtoto huja nayo kutoka nyumbani

Mtoto wa miaka 8 au 9 hafiki darasani akiwa hajui kuainisha. Nyumbani ameshajifunza kutenganisha mboga na magugu, kuni na dawa, majani ya ng'ombe na majani ya kufunikia chungu. Kiswahili chenyewe kimemsaidia: mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, mpera huzaa pera, na herufi moja au mbili za mwanzo hutenga mti na tunda lake. Kwenye mnazi anajua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Anajua kwamba mpunga uko shambani, mchele uko guniani na wali uko sahanini. Huu ni uainishaji kamili. Umejengwa juu ya matumizi na hatua za ukuaji, na mwalimu anayeupuuza hutupa mtaji alioletewa bure.

Somo la kwanza, basi, lianzie hapo. Mimea 12 hivi hutandazwa juu ya mkeka chini ya kivuli, kila mmoja ukiwa na majani yake na, inapowezekana, ua au tunda. Watoto huipanga katika makundi wanavyoona wao, kisha kila kikundi hueleza kanuni kilichoitumia. Karibu kila mara kanuni ya kwanza huwa ni matumizi: hii inaliwa, hii hailiwi. Baada ya kuwasikiliza bila kuwasahihisha, mwalimu huchanganya mimea upya na kuomba ipangwe tena, safari hii bila mtu kutaja kuliwa wala kutibu. Hapo ndipo macho huanza kufanya kazi. Mtoto hulazimika kuangalia jani lina kingo gani, shina ni la mviringo au la pembe nne, lina vinyweleo au ni laini.

Mnavu unafaa sana kuonyesha kwa nini zoezi la pili linahitajika. Katikati ya mahindi unaitwa gugu na hung'olewa. Ukifika jikoni unaitwa mboga. Mmea ni ule ule, jani halijabadilika, ua halijabadilika. Neno "gugu" linaeleza anachokitaka mkulima. Sayansi inatafuta sifa ambazo mmea hubaki nazo popote ulipo, shambani, jikoni au kando ya barabara.

Maandalizi ya uwanja

Mwalimu hutangulia kupita eneo lote siku moja au mbili kabla, akiangalia ni mimea gani ina maua wakati huo, wapi kuna kivuli, wapi kuna nyuki, mashimo au vipande vya chupa. Kipindi kimoja cha dakika 40 huisha kabla watoto hawajatulia, hivyo ni vyema vipindi viwili viunganishwe. Darasa la watoto 60 hugawanywa katika vikundi vya watu 5 au 6, kila kikundi kikipewa eneo lake na kila mtoto kazi yake: anayeandika, anayechora, anayepima kwa rula, anayetunza sampuli. Bila mgawanyo huo, wawili hufanya kazi na wanne hukimbizana.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Ringi kuukuu ya baiskeli hulazwa juu ya nyasi, na watoto huambiwa wahesabu aina zote za mimea iliyomo ndani ya duara. Jibu la mwanzo huwa "majani tu". Baada ya dakika 10 za kupiga magoti na kupekua, "majani tu" hugawanyika: nyasi pana, nyasi nyembamba, kile kinachotambaa chenye ua la njano, kile chenye majani matatu matatu, kifauongo kinachojifunga kikiguswa. Tone la maji likidondoshwa juu ya kipande cha plastiki angavu hufanya kazi ya lenzi ya mkono, na hukuza vya kutosha kuonyesha vinyweleo vya jani.

Usalama huelezwa kabla ya kutoka, kwa maneno machache yasiyo na vitisho. Hakuna kuonja chochote. Hakuna kugusa macho kabla ya kunawa. Utomvu mweupe wa mnyaa huumiza macho vibaya sana. Ukimwingia mtoto, macho huoshwa papo hapo kwa maji mengi safi na mtoto hupelekwa kituo cha afya. Upupu huwasha, mbegu za mbarika na za mranaha zina sumu. Watoto wanaoijua mimea hii mapema wako salama zaidi kuliko wale waliokatazwa tu kuingia vichakani, kwa hiyo nayo iwe sehemu ya somo: ionyeshwe kwa mbali, itajwe, ichorwe. Mwembe na miti mingine mikubwa hukaguliwa pia kama haina mizinga ya nyuki.

Jani

Jani ndilo la kuanzia kwa sababu lipo mwaka mzima. Swali la kwanza ni la mishipa. Mtoto hushika jani la muhindi, huliinua kuelekea jua, na kuona mistari inayokwenda sambamba kutoka shinani hadi nchani bila kukutana. Kisha hufanya vivyo hivyo kwa jani la mwembe: mshipa mmoja mkubwa katikati, mingine ikitoka pembeni, na kati yao wavu mdogo sana. Kulichana jani kunafundisha zaidi ya kulitazama. La muhindi huchanika kwa mstari ulionyooka kama kitambaa kinachofuata uzi. La mwembe huchanika ovyo, kwa kona kona. Mkono hukumbuka tofauti hiyo.

Swali la pili ni gumu kidogo, na walimu wengi hulipita: jani linaanzia wapi na linaishia wapi? Mtoto akiulizwa aonyeshe jani moja la mwarobaini, huchuma kijani kimoja kidogo chenye meno kingoni. Amekosea, lakini kosa lake lina faida kubwa. Hapo tawi lishushwe karibu na macho yake aoneshwe pale kikonyo kinapoungana na tawi, mahali panapoitwa kwapa la jani. Kwenye kwapa la kweli hukaa kichipukizi kidogo, mara nyingine kama punje ya mtama, mara nyingine kama nukta tu ya kijani. Kijani kimoja cha mwarobaini hakina kichipukizi chini yake. Ukifuata kikonyo hadi mwisho ndipo kichipukizi huonekana, na mtoto hugundua kwamba ule uti mrefu wenye vijani kumi na zaidi pande zote mbili ni jani moja. Akishaelewa hilo, anaweza mwenyewe kutenganisha miti yenye jani zima, kama mwembe, mpera na mfenesi, na ile ambayo jani lake limegawanyika, kama mwarobaini, mkwaju, mjohoro na mlonge.

Mbuyu una jani la namna yake: vijani vyake, kwa kawaida 5 hadi 7, hutoka sehemu moja kama vidole kwenye kiganja. Jina lake la kisayansi, Adansonia digitata, limeyabeba hayo. Sehemu ya pili inatokana na neno la Kilatini la vidole. Ya kwanza inamkumbuka Michel Adanson, Mfaransa aliyekwenda Senegal mwaka 1749 na kuuchunguza mti huo. Watoto hufurahi kuweka kiganja chao juu ya jani la mbuyu na kuhesabu.

Mbegu, mizizi na hesabu ya ua

Baada ya jani, mgawanyo wa monokotiledoni na daikotiledoni huja wenyewe. Maharage na mahindi hulowekwa usiku kucha. Asubuhi, kila mtoto humenya haragwe na kuliona likigawanyika vipande viwili, ghala mbili za chakula zilizobana kijimea kichanga katikati. Punje ya hindi haigawanyiki hivyo. Mbegu nyingine hupandwa kwenye makopo: baada ya siku kadhaa maharage huinua ghala zake mbili juu ya udongo, mahindi huchomoza kama sindano moja ya kijani. Mizizi huchunguzwa baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kwa kung'oa mchicha na shina moja la nyasi: mchicha una mzizi mkuu unaoshuka chini, nyasi ina mafundo ya nyuzi nyingi zinazolingana. Ua huhesabiwa petali. Lile gugu lenye maua ya buluu linalotambaa mashambani wakati wa masika lina petali tatu, moja ndogo kuliko nyenzake, na jani lake lina mishipa sambamba. Haibiskasi ina petali tano na jani lake lina wavu.

Kufikia hapo watoto wana dalili nne, na dalili hizo hukubaliana mara nyingi kiasi cha kuwashawishi kwamba kanuni haina mapengo. Ni vizuri mwalimu mwenyewe awaletee mapengo. Gimbi ni monokotiledoni, lakini jani lake pana lina mishipa inayotawanyika hadi mtoto yeyote angeliweka pamoja na mboga za maboga. Parachichi linashangaza zaidi: kokwa lake hugawanyika sehemu mbili safi, jani lake lina wavu, ila ua lake dogo la kijani-njano lina sehemu zilizopangwa kwa tatu tatu. Mbegu inasema hivi, ua linasema vile. Wanabotania nao walikutana na ugumu huo, na tangu miaka ya 1990, kwa kulinganisha vinasaba, wamekubali kwamba mparachichi na jamaa zake, akiwemo mpilipili manga, walichepuka mapema na hawamo katika kundi kuu la daikotiledoni. Mtoto wa darasa la V hahitaji maelezo yote hayo. Anahitaji kujua kwamba hukumu haitolewi kwa dalili moja.

Mgomba nao uchunguzwe siku mkungu unapokatwa, kwa kuwa mgomba uliokwisha kuzaa huangushwa hata hivyo. Ukikatwa kwa upande, kile kinachoonekana kuwa gogo ni mapindo ya vikonyo vya majani, moja juu ya jingine kama maganda ya kitunguu, yenye vyumba vya hewa na maji tele. Hakuna mbao. Shina la kweli liko chini ya udongo, na bua la mkungu limepenya katikati ya mapindo hayo hadi juu. Mgomba ni mmea mlaini mkubwa, si mti kwa maana ya kibotania, japo mtu hukaa chini yake akapata kivuli.

Mimea isiyo na maua, na ile inayodhaniwa haina

Kangaga hupatikana kandokando ya visima, mifereji na kuta zenye unyevu. Chini ya majani yake yaliyokomaa kuna vidoa vya kahawia vilivyojipanga. Jani hilo likilazwa juu ya karatasi nyeupe usiku mmoja pasipo upepo, asubuhi huacha vumbi laini lenye kuchora umbo lake: hizo ndizo spora, ambazo kwa kangaga hushika nafasi ya mbegu. Mosi, ule utandu wa kijani unaofanana na zulia kwenye matofali mabichi, nao huzaa kwa spora. Msonobari, unaopandwa kwa wingi nyanda za juu kama Mufindi, una mbegu, lakini mbegu hizo hukaa wazi juu ya magamba ya koni bila kufungwa ndani ya tunda.

Mvinje ndio mtihani mzuri wa sehemu hii. Watoto wa pwani, na walimu wao pia, huuweka pamoja na msonobari, maana una kitu kama sindano na kitu kama koni. Lakini "sindano" ya mvinje ikivutwa taratibu hukatika kwenye vifundo, kama mabomba yaliyochomekana. Kwenye kila kifundo, chini ya lenzi, kuna meno madogo 6 hadi 8 yaliyozunguka kama taji. Meno hayo ndiyo majani. Kile kirefu cha kijani ni kitawi, na ile "koni" ni kundi la matunda makavu yaliyotokana na maua madogo ya kike. Mvinje unatoa maua. Mkuyu nao unatoa maua, ila yamefichwa ndani ya kile tunachokiita tunda. Kuyu changa likipasuliwa hujaa vijiua visivyohesabika, na mara nyingine vijidudu vidogo vinavyovichavusha.

Uyoga usiwekwe kwenye mkeka wa mimea. Hauna rangi ya kijani ya kujitengenezea chakula, na tangu Robert Whittaker alipopendekeza mfumo wa himaya tano mwaka 1969, kuvu wana himaya yao. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani hauna mizizi wala mishipa wala maua. Lakini nyasi bahari zinazoota jirani nao, ambazo mtoto wa Unguja huzikanyaga maji yakitoka, zina mizizi, majani na maua, nazo ni monokotiledoni.

Pwani hiyo hiyo ina fundisho jingine. Mikoko huitwa kwa jina moja kwa sababu huota mahali pamoja, kwenye tope la maji ya chumvi. Wavuvi na wakata boriti wameitenganisha siku nyingi: mkoko wenye mizizi ya magongo, mchu wenye mizizi inayosimama kama penseli, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi wenye tunda kubwa la duara. Mingi kati yao si ndugu wa damu. Wamefanana kwa sababu ya makazi.

Familia

Sehemu inayowagusa watoto kuliko zote ni ile ya kutafuta undugu kati ya mimea wanayoila. Somo linaweza kuanzia kwenye viazi. Kiazi kitamu na kiazi mviringo vinashiriki jina, vinauzwa kwenye meza moja sokoni, na vyote huchimbwa. Kiazi mviringo kina macho, na kila jicho ni kichipukizi. Kwa hiyo ni shina lililovimba. Kiazi kitamu ni mzizi. Mwenye shaka hutazama ua. Ua la kiazi kitamu ni la zambarau, petali zake zimeungana kama tarumbeta. Ua la kiazi mviringo ni nyota yenye ncha tano, na katikati stameni za njano zimesimama zikishikana kama kibanda kidogo.

Kibanda hicho cha njano ndicho cha kufuata. Watoto hutumwa bustanini kukitafuta: hukikuta kwenye nyanya, kwenye bilinganya, kwenye nyanya chungu, na kwenye kile kijiua cheupe cha mnavu ambacho hakuna aliyewahi kukitazama. Pilipili ni jamaa pia, ingawa kibanda chake kimelegea. Matunda yao nayo huthibitisha: yana mbegu nyingi bapa ndani ya nyama laini, na kofia ya kijani hubaki kwenye kikonyo hata tunda likiiva. Kiazi mviringo kimo ndani ya familia ya nyanya. Kiazi kitamu, pamoja na matembele yake, ni cha familia nyingine kabisa.

Bamia huanzisha safari ndefu zaidi. Ua lake la njano lenye jicho la zambarau lina stameni zilizoungana zikawa mrija unaozunguka katikati ya ua. Haibiskasi ina mrija huo huo, choya vilevile, pamba vilevile. Shule zilizo karibu na mibuyu zina bahati, kwa kuwa ua la mbuyu hufunguka jioni, hutembelewa na popo usiku na kuanguka muda mfupi baadaye. Mtoto anayewahi asubuhi huokota chini ya mti ua kubwa jeupe lenye petali tano, na ndani yake mamia ya stameni yaliyoungana chini kuwa mrija. Bamia na mbuyu ni familia moja. Ukubwa wa mmea hausemi lolote juu ya undugu wake.

Familia ya kunde hufahamika kwa ganda linalofunguka pande mbili: kunde, maharage, choroko, mbaazi. Mkwaju, mkrismasi na mgunga wamo humo humo. Karanga au kunde ziking'olewa taratibu huonyesha vinundu mizizini. Kinundu kikipasuliwa kikaonekana chekundu ndani, bakteria wanaotega naitrojeni ya hewani wako kazini. Alizeti huchambuliwa kwa kibano au mwiba: kila kipande cha lile duara la katikati ni ua kamili lenye mbegu yake, hivyo "ua" moja ni mamia. Kishona nguo, kinachonata kwenye sketi na soksi njiani, kimejengwa hivyo hivyo. Maboga yafundishwe asubuhi mapema, maua yakiwa wazi. La kike lina kiboga kidogo chini yake, la kiume lina kikonyo kitupu.

Ufunguo na majina

Watoto wakishaweza kuuliza maswali, hutunga ufunguo wa utambuzi wa uwanja wao, yaani mfuatano wa maswali yenye majibu mawili tu. Kwa mimea mitano ufunguo unaweza kwenda hivi. Je, shina ni la mbao? Kama si la mbao, ni mgomba. Kama ni la mbao, je, mmea una majani bapa? Kama hauna, ila vitawi vyenye vifundo, ni mvinje. Kama unayo, je, jani ni zima? Likiwa zima, ni mwembe. Likiwa limegawanyika, je, kingo za vijani zina meno? Zikiwa na meno ni mwarobaini. Zikiwa laini ni mjohoro. Kipimo cha ufunguo ni kumpa mtoto wa kikundi kingine autumie bila kusaidiwa. Akipotea, maneno yarekebishwe. Swali kama "ni mkubwa?" huanguka mara moja, kwa sababu mwembe mchanga ni mdogo, swali la kingo za kijani husimama mwaka mzima.

Jina huja mwisho. Mtoto aandike kwanza jina la Kiswahili na la lugha ya nyumbani kwao, kwa kuwa mmea mmoja huwa na majina mengi: mlonge wa mtu mmoja ni mzunze wa mwingine, na mwarobaini huitwa mkilifi sehemu za pwani ya Kenya. Kutatanishwa huko ndiko kunakofafanua kazi ya majina mawili ya Kilatini, utaratibu ambao Carl Linnaeus wa Sweden aliutumia kwa mimea yote katika kitabu chake cha 1753. Majina matatu au manne yanatosha kwa shule ya msingi. Nayo hayadumu milele: migunga ya Afrika iliitwa Acacia hadi kongamano la wanabotania la Vienna mwaka 2005 liliporuhusu jina hilo libaki kwa jamii ya Australia. Sasa ile yenye miiba mirefu iliyonyooka miwili miwili kwa kawaida ni Vachellia, na yenye miiba mifupi iliyopinda kama ndoana kwa kawaida ni Senegalia. Mtoto wa Dodoma anaweza kuitofautisha kwa macho yake.

Kumbukumbu na tathmini

Sampuli chache hukaushwa kati ya magazeti, zikakandamizwa kwa mbao na mawe. Magazeti hubadilishwa kila siku kwa siku za mwanzo, la sivyo ukungu hushika, na mmea hukauka kwa wiki moja hadi mbili. Kila sampuli hubandikwa pamoja na karatasi yenye jina, mahali ilipochumwa, tarehe na jina la aliyechuma. Sampuli isiyo na tarehe wala mahali ni jani kavu tu. Mmea unaoonekana mmoja au miwili tu katika eneo lote hauchumwi, unachorwa ulipo. Mchoro wa mtoto, hata ukiwa mbaya, unamlazimisha kuhesabu meno ya jani ambayo picha ya simu ingempitisha juu juu.

Tathmini ya haki hufanyika pale pale uwanjani. Mwalimu huleta mmea ambao haujafundishwa, na mtoto hueleza angeuweka kundi gani na kwa sababu zipi. Alama nyingi ziende kwenye sababu. Aliyesema gimbi ni daikotiledoni kwa kuwa mishipa yake inafanya wavu ametazama vizuri, na bado hajatafuta dalili ya pili. Aliyetaja monokotiledoni bila sababu alisikia kwa jirani. Zoezi hilo lirudiwe kila majira, kwa sababu mmea uliokuwa na majani matupu wakati wa kiangazi utakuwa na maua vuli, na makundi yaliyowekwa kwa kubahatisha mwezi Agosti yanaweza kusahihishwa na watoto wenyewe mwezi Novemba.